Uzi: Kuingiza sauti za Kiswahili kwenye Simba's Pride – Kovu, Nuka na "Upendi" tunawafanyaje?

MzeeWaKipaza:

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa watu wa fani: watafsiri, waingiza sauti, mafundi mitambo. Maswali ya kutafsiri katuni yanarudi humu kila wiki, na mengi yake yanajibika kwa filamu moja tu, The Lion King II: Simba's Pride. Ni ule mwendelezo uliotoka moja kwa moja kwenye kanda za video Oktoba 1998, dakika 81, mwongozaji Darrell Rooney, kazi kubwa ya kuchora ikiwa imefanyika studio ya Disney iliyokuwa Sydney, Australia.

Kwa nini hiyo? Mjerumani au Mjapani akiitafsiri, majina anayaacha kama yalivyo. Masikioni mwake Kovu, Nuka, Vitani na Zira ni sauti tu za kuvutia. Sisi tunasikia maneno. Waandishi waliokota kamusi yetu wakaipachika kama mapambo, na siku ukiingiza Kiswahili, mapambo yanaanza kusema yenyewe. Ndiyo maana nashikilia kwamba orodha ya majina ifungwe kabla hata mstari mmoja haujarekodiwa.

Nianze na vigingi vikubwa.

Simba dhalimu wa filamu ya kwanza anaitwa Scar, yaani kovu. Kijana aliyeteuliwa kumrithi anaitwa Kovu. Ukimtafsiri wa kwanza, una Kovu wawili, na mmoja kishakufa. Mtoto wa miaka sita atapotea kwenye dakika kumi za mwanzo.

Nuka, kaka yake Kovu, anakufa kwa huzuni akiwa amefunikwa na magogo, mama yake mbele yake. Kwa Kiswahili, hapo mama anamwita mwanawe kwa kumwamrisha atoe harufu.

Kisha kuna wimbo wa Rafiki, yule nyani mzee, kuhusu mahali pa mapenzi panapoitwa "Upendi". Hilo neno halipo. Kwa mtu anayemeza h, ni "hupendi", kinyume kabisa cha wimbo.

Na Simba mwenyewe: "Simba, simba wanakuja!" Herufi kubwa haisikiki.

Karibuni. Tuzungumze ufundi; ya "tulikuwa tunaiangalia kwa jirani" yana uzi wake.

Irabu_Tano:

Mkuu, kabla ya maana, tazama mdomo uliochorwa. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza.

Neno Kovu limetamkwa hivyohivyo kwenye Kiingereza, kwa hiyo mchoraji alishachora "o" ya mviringo, kisha meno ya juu kugusa mdomo wa chini kwa ajili ya "v", kisha "u". Limekaa tayari. Ukimbadilishia kijana jina unaharibu kitu ambacho hakikuhitaji kuguswa. Anayepaswa kubadilishwa ni mzee.

Scar ni silabi moja, hakuna midomo kufunga, inaishia na taya lililoachama. "Jeraha" ni ndefu. "Chale" inaishia na e, meno yanaonekana. "Taka" ndiyo inayokaa: t na k zote zinatamkwa ndani ya kinywa, a mbili, taya chini. Silabi ya kwanza unaipitisha haraka, ya pili unaiweka pale taya linapoachama. Na si jina la kubuni, maana filamu ya Mufasa ya 2024 inamwita hivyohivyo kabla hajawa Scar. Maana zake mbili, uchafu na kutaka, zote zinamfaa huyo bwana aliyetaka kiti kisicho chake.

Halafu kuna faida ya bure. Kovu anapigwa na mama yake, Zira, baada ya kifo cha Nuka na kubaki na alama jichoni. Kwa Kiingereza mtazamaji anaunganisha alama ile na mzee aliyekufa. Kwa Kiswahili anaunganisha na jina la kijana mwenyewe: ameitwa Kovu tangu utotoni, leo kalipata. Hapo tunawazidi hata wenye filamu.

BintiKibaoni:

Naunga mkono Taka. Kwa Nuka napendekeza Nuna.

N-u-n-a. Irabu zilezile, hakuna herufi ya midomo, silabi mbili kwa mbili. Tofauti ni k kuwa n, na zote mbili haziguswi na mchoro kwa sababu ulimi umefichwa. Tabia nayo inamfaa: ni kaka mkubwa anayenuna filamu nzima kwa sababu mdogo wake kateuliwa. Kilio cha mama kikija, "Nuna!" kinasikika kama jina la utani la nyumbani. Hakuna atakayecheka.

Zira mwacheni. Kuzira ni kususa kwa chuki, na huyo mama kasusa ufalme mzima.

Mtaa_wa_Tatu:

Na ile nchi kame walikofukuziwa kina Zira? Mimi niliandika "Jangwani". Silabi tatu, inaeleweka.

MzeeWaKipaza:

Ndugu yangu, Simba anapigana na watu wa Jangwani, yaani Yanga, halafu unataka Dar es Salaam ikae kimya isikilize filamu?

Irabu_Tano:

😂 Na Zira avae kijani na njano kabisa.

BintiKibaoni:

Ndiyo maana rasimu inapaswa kusomwa na mtu wa Dar, mtu wa Mombasa na mtu wa bara la Kenya kabla ya studio. Kila mmoja atakamata bomu ambalo wenzake hawalioni. Kwa ile nchi, tumieni "Ukameni" au, pale anayesema yuko nje ya picha na kuna nafasi, "nchi ya vichuguu". Mchwa wanatajwa na wanaonekana, kwa hiyo mtoto atapata picha mara moja.

Na lafudhi: wale waliofukuzwa msiwape lafudhi ya mkoa au kabila lolote linalotambulika. Ubaya uonekane kwenye maneno na pumzi. Katuni inaangaliwa mara hamsini na mtoto mmoja, na anachojifunza humo kuhusu jirani yake hakifutiki.

Fundi_Fremu24:

Kuhusu "Simba, simba wanakuja": dawa ni ya kuandika, haina mtambo. Ndani ya mazungumzo neno simba lisitumike kabisa kama jina la mnyama. Kundi ni "ukoo" au "kundi letu", majike ni "majike", adui ni "wale". Tumia utafutaji wa programu yako, pitia kila "simba" moja moja, lililobaki liwe jina la mtu.

Mtoto wa simba kwa kamusi ni shibli, na kimdomo neno ni zuri sana kwa sababu lina b, kama lile la Kiingereza. Ila mtoto hamjui shibli. Mpe mara ya kwanza kwenye sentensi inayojieleza, akiwa Rafiki ndiye anayesema. Yeye ana ruhusa ya kuongea Kiswahili cha kale.

Mtaa_wa_Tatu:

Jina la filamu lenyewe je? "Fahari ya Simba"?

Irabu_Tano:

Linatosha, ingawa linapoteza nusu. Kiingereza kina neno moja, pride, kwa kundi la simba na kwa fahari, na Kiara, binti wa Simba, ni fahari ya baba yake ndani ya kundi lake. Kiswahili hakina neno hilo la pande mbili. Msilazimishe. Wimbo na majina ndiko nguvu ziende.

Qasida_na_Noti:

Nije kwenye "Upendi", maana hapo wengi wanakimbilia "Upendo" na kuondoka.

Silabi tatu kwa tatu, mkazo u-PE-ndo, midomo inafunga kwenye p palepale. Shida ni mwisho. Picha ina i, mdomo umetanuka, wewe unaimba o ya mviringo, na noti ya mwisho ndiyo inayoshikiliwa. Kwenye picha ya mbali haionekani. Rafiki akisogezwa karibu, inaonekana wazi.

Neno lipo: upenzi. U-PE-nzi. Mkazo uleule, p ileile, i ileile. Watu wa mpira wanalitumia kila siku wakisema upenzi wa klabu fulani. Pale wimbo unapohitaji liwe jina la mahali, kionyeshi cha "huko" kinalibeba: "huko Upenzi". Msiongeze -ni, mtapata silabi ya nne na mkazo utahamia kwenye nzi.

Sasa tatizo kubwa la nyimbo zote, si huu tu. Mistari mingi ya Kiingereza inaishia na silabi yenye mkazo, inagonga pigo zito na kukata. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima. Ukiweka neno letu mwishoni mwa mstari kama lilivyo, silabi dhaifu inaangukia pigo zito, na "mTOto" anakuwa "mtoTO". Ndiyo sababu nyimbo nyingi za katuni zilizotafsiriwa zinasikika kama zinaimbwa na mgeni hata mwimbaji akiwa wa Tanga.

Njia zinazofanya kazi: gawa noti ya mwisho mara mbili, silabi yenye mkazo ikae kwenye pigo, dhaifu ifuate nusu pigo baadaye. Angalia tu kwamba mdomo kwenye picha bado umefunguka wakati huo. Kama umefungwa, huwezi. Ukishindwa, malizia mstari kwa neno lenye silabi moja kama "tu", au "pia" ya haraka. Ukishindwa tena, panga upya mstari mzima. Usihamishe mkazo.

Kwaya za Kizulu zinazosikika kwenye muziki ziachwe Kizulu. Hizo ni sehemu ya muziki, na ukizitafsiri utalazimika kurekodi kwaya upya.

Mwanagenzi_KE:

Wakubwa zangu, ninauliza. Nikitafsiri, mistari yangu yote inazidi. Kiingereza kinamaliza, mimi bado niko katikati. Makosa ni yapi?

Fundi_Fremu24:

Kosa ni kutafsiri maneno badala ya nafasi. Fanya hivi.

Kata filamu vipande vya sekunde 10 hadi 20. Kwa kila mstari andika muda wa kuanza na kuisha hadi fremu, anayesema, kama mdomo unaonekana au la, na weka alama kila midomo inapofunga. Ndipo uhesabu silabi za Kiingereza. Lengo lako ni idadi ileile; ukizidi, iwe kwa silabi mbili tu, tena kwenye mstari mrefu. Mtoto msikilizaji anafuata vizuri silabi kama sita kwa sekunde. Ukifika nane anasikia kelele.

Vitenzi vyetu ndivyo vinavyokula nafasi. "Nitakupeleka" ni silabi sita ndani ya neno moja. Kama mazingira yanaruhusu, "twende" ni mbili. "Angalia!" ni nne, "chunga!" ni mbili. "Kimbia!" ni tatu, "mbio!" ni mbili na inaanza na midomo iliyofungwa. Ondoa "mimi" na "wewe" zote zisizo na kazi, kitenzi kishabeba mtu. Na mazungumzo ya kawaida yanaruhusu "ntakupa" badala ya "nitakupa", ila si kinywani mwa Mufasa.

Kuhusu midomo: m, b, p zinafunga kabisa, f na v zinagusa meno. Hizo lazima ziangukie penye alama. Nyingine zote zina uhuru. Bahati yetu ni ile m inayosimama peke yake, kama mtoto, mpwa, mkubwa: inakupa mdomo uliofungwa mwanzoni bila gharama kubwa ya muda.

Kwa mnyama mwenye pua ndefu kuna msamaha zaidi. Simba akionekana ubavuni, midomo huioni vizuri. Unachokiona ni taya. Hapo panga a na o zako zilingane na taya kushuka, mengine acha. Akigeuka mbele, rudi kwenye midomo.

Mwanagenzi_KE:

Nashukuru sana mkuu. Na kuamkiana? Kiara akikutana na Rafiki anasema shikamoo?

BintiKibaoni:

Shikamoo ni silabi nne na, ubaya wake, inadai marahaba. Ukiiweka pale ambapo mkubwa hana nafasi ya kujibu, umebadilisha hadithi: mkubwa amekataa salamu. Kiara kwa Rafiki tumia "Babu" tu, heshima imo. Timon na Pumbaa wamemlea baba yake, kwa hiyo ni "Mjomba" au "Anko" kwa katuni ya sasa. Simba ni "Baba", kamwe si "Dadi".

Ila kuna mahali pamoja shikamoo inakuwa dhahabu. Kovu akiwa mkubwa anasimama mbele ya Simba kuomba kupokelewa. Mpe shikamoo, halafu Simba asijibu. Mtazamaji wa Kiswahili anapata ubaridi mgongoni bila neno lingine. Kiingereza hakina silaha hiyo. Sharti ni kupata nafasi wakati mdomo wa Kovu hauonekani, au anaposema huku kageuka.

Irabu_Tano:

Dada, hapo nakupinga kidogo. Inapendeza, lakini mtazamaji wa Nairobi haisikii kwa uzito huo, na wa Lubumbashi anaweza asiisikie kabisa. "Naomba hifadhi, Mzee" inafika kote.

BintiKibaoni:

Haki yako. Kama toleo ni moja kwa nchi zote, nitakubali Mzee. Kama ni la Tanzania, siiachii.

Mtaa_wa_Tatu:

Timon ni mnyama gani kwa Kiswahili? Kamusi zinanizungusha.

Fundi_Fremu24:

Kwa Kiingereza ni meerkat. Makazi yake ni kusini: Namibia, Botswana, Afrika Kusini, kusini mwa Angola. Hayupo kwetu, ndiyo maana jina la mtaani halipo. Ndugu yake wa karibu huku ni nguchiro. Mwite hivyo. Pumbaa ni ngiri, ila jihadhari na mstari unaosema "ana ngiri", maana ngiri ni ugonjwa pia, na mzazi ndiye atakayecheka wa kwanza.

SautiChumbani:

Nina swali la mtambo. Sauti zinakaa sawa mwanzoni, kufika katikati zimeachana na picha. Nimesogeza mara nne, zinaachana tena.

Fundi_Fremu24:

Usisogeze. Ikiachana polepole, tatizo ni kasi, na kasi haiponi kwa kusogeza. Pima imeachana kiasi gani, namba yenyewe itakuambia chanzo.

Ikiwa ni takriban sekunde 2.4 kwa kila dakika, umechanganya kasi ya fremu 24 na 25 kwa sekunde. DVD za soko letu ni za mfumo wa PAL, ambako filamu ya fremu 24 inachezwa kwa 25: dakika 81 zinakuwa 77 na sekunde 46, na sauti inapanda karibu robo tatu ya nusu toni. Umepanga muda kwa DVD hiyo, kisha umeweka sauti kwenye faili la 24.

Ikiwa ni kama sekunde 5 hadi mwisho wa filamu nzima, umechanganya 24 na 23.976. Hii inadanganya sana kwa sababu dakika ya kwanza huioni.

Ikiwa imeachana kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo kusogeza kunasaidia.

Weka mradi wote kwenye kasi moja kabla ya kurekodi, sauti 48 kHz, biti 24. Na unapokadiria kwa jicho, kumbuka sauti ikitangulia picha inakera mapema, kwenye milisekunde 45 hivi, wakati ikichelewa watu wanavumilia hadi kama 125. Tumezoea kuona radi kabla ya ngurumo. Fremu moja ni milisekunde 42, kwa hiyo ukisitasita, chelewesha fremu moja.

SautiChumbani:

Ni 2.4. Ahsante mkuu. Na kuondoa Kiingereza na kubakiza muziki, nanyamazisha njia ya katikati ya 5.1, ile sauti ya njia sita?

Qasida_na_Noti:

Kwa mazoezi sawa, kwa kazi hapana. Mazungumzo mengi yako katikati, lakini hata nyayo na miungurumo iko humo, kwa hiyo unaondoa simba pamoja na maneno yake. Halafu mwangwi wa Kiingereza unabaki pembeni, utausikia chini ya sauti yako kama mzimu, hasa kwenye ile mandhari ya korongo. Kazi ya kweli inaanza na traki ya muziki na sauti za mazingira kutoka kwa mwenye filamu. Bila hiyo utalazimika kutengeneza upya kila nyayo, kila jani, kila mto.

Na mwenye filamu ndiye mwenye ruhusa. Bila leseni, usipandishe hata dakika moja mtandaoni. COSOTA ya Tanzania na KECOBO ya Kenya, ofisi za hakimiliki, zipo kwa ajili hiyo, na mitandao inaishusha yenyewe. Zoezi libaki kwenye kompyuta yako. Ukitaka kitu cha kuonyesha wateja, chukua Sintel ya Blender Foundation ya 2010: ina mazungumzo, na leseni yake inaruhusu kutumia na kusambaza mradi uwataje waliotengeneza. Big Buck Bunny ina wanyama wa msituni, lakini hawasemi.

Mtaa_wa_Tatu:

Vitani hamjamgusa.

MzeeWaKipaza:

Vitani, dada yake Kovu, anabaki, mdomo umeshachorwa na v yake. Sharti ni moja, kama la Simba: neno "vitani" lisitumike popote kama mahali. Na "vita" nalo liwekee alama, maana kwenye lile pambano la mwisho kwenye mvua kila mtu atataka kulisema. Tumieni "pambano", "kupigana", "damu". Nimeshatafuta kwenye rasimu moja iliyowekwa humu jukwaani, "vitani" ya mahali imo mara saba. Aliyeiandika aanze na hizo.